Matangazo ya Vifo Hayagomi

Watu wengi wa Ufipa wananifahamu kwa sauti, na wengi wao hawapendi kunisikia. Mimi ndiye ninayesoma matangazo ya vifo kwenye redio moja ya hapa Sumbawanga, asubuhi, mchana na jioni. Nikipita sokoni nikauliza bei ya maharage kabla muuzaji hajaniangalia, mikono yake husimama. Jirani yangu mmoja pale Malangali aliwahi kuniomba niwe nagonga mlango tu, nisiseme neno, maana kila nikisema hodi anahisi kuna mtu amefariki kwao. Nilimwambia sawa, na nikaendelea kusema hodi.

Tangazo la kifo lina mpangilio wake. Linaanza na familia inayosikitika, linamtaja marehemu, linataja siku na mahali pa maziko, kisha linafika kwenye sehemu ambayo mgeni ataona ni ya kujazia tu: habari ziwafikie. Habari ziwafikie fulani aliyeko Namanyere, fulani wa Laela, ukoo wote wa fulani ulioko Kasesya na popote walipo. Kwetu hapo ndipo penye uzito. Ukishatajwa hewani, Ufipa nzima imesikia kwamba umeambiwa. Usipokwenda msibani hakuna atakayekuuliza kama ulipata habari, watakuuliza una moyo wa namna gani. Na aliyestahili kutajwa asipotajwa hununa kwa miaka. Nawajua ndugu wawili walionyimana hata moto wa jikoni kwa sababu ya jina moja lililosahaulika.

Msikilizaji wangu mkubwa alikuwa mama yangu. Aliishi peke yake kijijini, mbele kidogo ya Namanyere, tangu baba alipofariki na sisi watoto tukatawanyika. Redio yake ilining'inia kwenye msumari jikoni, imefungwa kamba ya katani kwa sababu mfuniko wa betri ulishapotea. Hakusikiliza ili ajue nani amekufa. Alisikiliza ili ajue mimi nimeamkaje. Nikimaliza kusoma ya jioni alipiga simu, akaniambia leo una mafua, au leo umegombana na mtu, na mara nyingi alikuwa amepatia.

Redio yenyewe ilikuwa nyumba ya kawaida ya kuishi iliyogeuzwa. Sebule ikawa mapokezi, chumba cha watoto kikawa studio. Kuta za studio zilibandikwa sponji za magodoro, lakini mlango haukufunga vizuri, kwa hiyo nikisoma vifo huku nyuma kulikuwa na vicheko vya watu wanaokunywa chai, sufuria ikigonga, mtu akiitwa. Mwajiri wetu alilalamika kuhusu kelele hizo kila wiki. Mlango hakuutengeneza.

Alikuwa mtu wa maneno mazuri, mwajiri wetu. Alituambia sisi ni familia. Wengi wetu hatukuwa na mkataba wala mshahara wa mwezi. Tulikuwa na posho ya kipindi: ukiingia hewani unalipwa, ukiumwa hulipwi, na mwezi ambao matangazo ya biashara ni machache unaombwa uvumilie kwa ajili ya familia. Neno familia mimi nalisoma kila siku, na najua linavyotumika mtu akishakufa. Mtangazaji wetu wa michezo, ambaye wazazi wake walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao kutoka kaskazini, alikuwa ameingia kama mtu wa kujitolea. Mtoto wake alianza darasa la kwanza baba bado anajitolea. Wasikilizaji walimwita mtaani kwa kelele, wakampigia makofi, na yeye akaenda kukopa unga.

Ndipo chama cha wafanyakazi kikaja. Ofisa wake alitoka Mbeya kwa basi, akaketi nasi nyuma ya nyumba chini ya tangi la maji, akatueleza kwamba mtu anayefanya kazi kila siku kwa saa za kupangiwa ni mwajiriwa hata kama anaitwa wa kujitolea, na kwamba wengi wetu tukijiunga mwajiri atatakiwa kukaa na chama mezani. Tulijiunga karibu wote. Walipotafuta mwakilishi wa tawi, yule wa michezo alininyooshea kidole.

"Dada huyu hapa," alisema. "Huyu kazi yake ni kuwapa watu habari mbaya bila kutetemeka. Atamweza bosi."

Walicheka, wakapiga makofi, nikawa mwakilishi. Sikukataa. Nitasema ukweli, nilifurahi. Mtu ambaye sauti yake inakimbiwa sokoni alikuwa amepata watu wanaotaka aseme kwa niaba yao. Nilitembea kurudi Malangali siku ile nikiwa na upepo wa kiangazi usoni, ule unaokausha midomo, na sikuisikia baridi yake.

Mwajiri alikataa kukaa na chama. Alisema milango yake iko wazi kwa kila mmoja wetu, aje peke yake, kama mtoto kwa baba. Tulikwenda kwenye usuluhishi, ukashindikana. Chama kikapeleka notisi ya mgomo kama sheria inavyotaka. Tukabaki sisi wenyewe chini ya tangi kupanga mgomo wa redio unakuwaje.

Wengi waliona jambo ni jepesi. Hakuna anayeingia, redio inakuwa kimya, wenye matangazo ya biashara wanampigia mwajiri simu, mwajiri anaita mkutano. Mimi nikauliza nani atasoma vifo.

"Hakuna," alisema wa michezo. "Mgomo ni mgomo, dada."

"Mtu wa Kirando akifa, dada yake wa Matai atajuaje?"

"Kuna simu siku hizi. Kuna makundi ya WhatsApp. Marehemu mwenyewe yuko kwenye kundi."

Walicheka. Mimi sikucheka. Nilimuuliza kama mama yake kule bondeni anashika mtandao. Akasema mama yake anashika mtandao akipanda kilimani. Nikamwambia basi siku ya msiba amtafutie mtu wa kumbeba mlimani. Hasira zangu zina ulimi, na siku ile zilikuwa zimepanda.

Nilisema tusome vifo tu, mara tatu kwa siku kama kawaida, na kati ya kifo na kifo tuache kimya. Watu watasikia kwamba tumegoma, na hakuna atakayezika mtu wake bila ndugu kuambiwa. Huku kwetu mtu kuzikwa bila kutangazwa ni sawa na kutupwa. Nilisema sentensi ambayo baadaye waliigeuza jina langu: "Matangazo ya vifo hayagomi."

Walikubali kwa shingo upande. Wa michezo alisema, "Haya, ila ukiingia humo utakuwa peke yako." Sikumsikia vizuri alivyosema. Nilidhani ananiambia habari ya kazi.

Siku ya kwanza ya mgomo nilifungua studio asubuhi na mapema. Wenzangu walikuwa nje ya geti wamekaa kwenye matofali, wamejifunga vitenge na makoti kwa baridi. Nilisoma vifo vya asubuhi. Nilipomaliza nilifunga kipaza sauti, nikasimama, nikasubiri kimya changu. Kikaja kinanda. Mpwa wa mwajiri, ambaye ndiye fundi mitambo na hakuwa mwanachama, alikuwa ameketi chumba cha pili na kompyuta ya muziki. Aliweka wimbo, kisha tangazo la saruji, kisha wimbo mwingine. Katikati ya hayo aliweka kipande cha zamani cha wa michezo mwenyewe akicheka na kuwatakia watu siku njema.

Nikaenda kumwambia azime.

"Dada, mimi nimeagizwa na mjomba," alisema, na hakuniangalia.

Ningeweza kuacha kusoma. Siku ile mchana kulikuwa na mtoto aliyezama mtoni upande wa bondeni, na baba yake alikuwa machimboni, Chunya. Habari zimfikie baba yake. Nilisoma. Jioni nilisoma tena. Kesho yake nikasoma, na keshokutwa. Kwa msikilizaji redio ilikuwa hewani tangu asubuhi mpaka jioni, muziki ulipigwa, vifo vilisomwa na sauti ileile, na mgomo wetu ukawa ni watu waliokaa kwenye matofali. Mwenye duka la saruji alipita na gari, akawapungia mkono yule wa michezo na wenzake, akadhani wako kwenye mapumziko.

Mama alipiga simu jioni ile ya kwanza kama kawaida.

"Leo hakuna watu," alisema.

"Wapi, mama?"

"Huko unakosomea. Nimesikia nyumba nzima haina mtu, na wewe umo."

Katika Ufipa nzima ni yeye peke yake aliyesikia kwamba tumegoma.

Walianza kurudi mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake, wakiingilia mlango wa nyuma kama mwajiri alivyotaka tangu mwanzo, kama mtoto kwa baba. Siwalaumu. Tumbo halina mwakilishi. Wa michezo alirudi mwisho kabisa. Alipopita mlangoni mwa studio alisimama, nikafikiri atanitukana, na ningependa anitukane. Alisema tu, "Vifo havikugoma kweli," akaenda kukaa.

Kilichonimaliza hakikuwa hicho. Kilichonimaliza ni sifa. Mwajiri alituita sote mapokezi, akasema katika jambo lote hili mtu mmoja ameonyesha utu. Akanitaja. Akasema wengine waige. Nilisimama pale nikiwa nimekunja mikono, nikamwambia mimi bado ni mwakilishi wa chama na madai yetu yako palepale. Akatabasamu kama mtu anayeambiwa utani na mtoto wake. Wiki ileile akaniletea kiti kipya cha studio, cha magurudumu, cha kuegemea, badala ya kile cha zamani chenye mguu uliofungwa waya. Hakuna mwingine aliyekikalia. Zamu zao zilipofika walikisukuma pembeni, wakaleta kiti cha plastiki kutoka mapokezi. Nikiingia nakuta kiti changu kimetazama ukutani.

Nilikitupa nje ya studio mara moja kwa hasira. Kesho yake kilikuwa kimerudishwa, kimefutwa vumbi.

Zamani saa nne tulikunywa chai pamoja, chupa moja kubwa na mihogo ya kuchemsha au maandazi, kila mtu anachangia. Baada ya mgomo walinywa kabla sijatoka studio. Hawakunifukuza. Chai ilikuwa imeisha tu. Nilianza kuja na ya kwangu kwenye chupa ndogo, nikainywa kwenye ngazi za nyuma, nikiangalia tangi la maji. Vicheko vya chai niliendelea kuvisikia kupitia mlango usiofunga nikiwa hewani, na nilitambua kwamba nikitoka vinapungua. Nilijizoeza kutoka polepole ili wawe na muda wa kunyamaza wenyewe. Jirani yangu aliyeogopa hodi yangu alihamia Mpanda, na pale Malangali pia nikawa sina wa kumkera.

Kwenye chama walijitoa karibu wote. Ofisa wa Mbeya alinipigia simu kuuliza tawi linaendeleaje.

"Lipo," nilimwambia.

"Wanachama?"

"Mimi hapa."

Akasema kidole kimoja hakivunji chawa. Nikamwambia hilo nalijua, nina chawa wa kutosha. Lakini sikujitoa. Sijui kama ulikuwa ujasiri au kiburi. Nilijiambia bora lawama kuliko fedheha, na kwamba ningesoma tena vile vifo vyote leo hii. Hilo bado nalisema. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyenipa nafasi ya kulisema.

Ilikwenda hivyo masika moja na kiangazi kimoja. Mahindi yalivunwa, ulezi ukavunwa, na barabara zikarudi kuwa vumbi. Asubuhi moja mjomba wangu alipiga simu kabla sijatoka kwenda kazini. Mjomba huwa anaanza na salamu ndefu. Siku hiyo hakunisalimu wala hakusubiri shikamoo yangu. Alisema, "Mwanangu, kaa chini." Mama alikuwa amekutwa jikoni na jirani aliyekuja kuomba ungo. Alikuwa ameshapoa, na redio juu yake inaongea.

Aliyekuwa anaongea ni mimi. Kipande changu kilichorekodiwa, cha kuwakumbusha watu saa za matangazo.

Nilikwenda redioni nimevaa kitenge cha msibani, nikapita mlango wa mbele kama wateja wanavyopita. Mfiwa hasomi tangazo lake. Dada wa mapokezi aliniangalia, akaelewa kabla sijasema, akasogeza karatasi. Tuliandika jina la mama. Tuliandika kijiji. Maziko kesho saa nane mchana. Habari ziwafikie kaka yangu aliyeko Kasesya na malori, dada yake mama wa Matai, ukoo wa baba ulioko Laela, jumuiya yake ya kanisani, ndugu na jamaa wote popote walipo.

"Na wafanyakazi wenzako, dada?" aliuliza.

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake. Nilitaka kusema ndiyo. Lakini niliwaza: nikiwataja na wasije, Ufipa yote itajua kwamba nimewaita na hawakuja. Mama atazikwa na aibu yangu pembeni ya jeneza. Nisipowataja, hakuna atakayejua kwamba sina watu.

"Inatosha hapo," nilisema. Nikaenda stendi kupanda basi la Namanyere.

Msibani mtu hana upweke wa kukaa peke yake. Nyumba ilijaa. Wanawake walishika sufuria bila kuniuliza, wanaume walikuwa wamefunga turubai na kuwasha magogo, katekista alikuwa ameshafika. Nilikaa kwenye mkeka na shangazi zangu na nilikuwa mbali nao, kwa sababu wao walikuwa wakiongea Kifipa cha mama, kile cha haraka, na mimi miaka ya kusoma Kiswahili hewani imenikausha, najibu maneno mawili kisha nakwama. Mama alikuwa ananicheka kwa hilo. Hakukuwa na wa kunicheka.

Jioni, saa ya matangazo ilipofika, mjomba aliinuka bila kuambiwa na mtu, akaingia jikoni, akatoa redio kwenye msumari na kamba yake, akaileta nje. Ilikuwa saa ya mama. Watu wakanyamaza. Sauti iliyosoma ilikuwa ya wa michezo. Sikuwahi kumsikia akisoma vifo. Alikuwa amezoea kupiga kelele za magoli, na sasa alikuwa anatembea juu ya kila neno taratibu, kama mtu aliyebeba maji kichwani. Akamtaja mama. Akataja saa nane. Habari zimfikie kaka wa Kasesya, mama mdogo wa Matai, ukoo wa Laela, jumuiya, ndugu na jamaa.

Kisha akaongeza: "Habari ziwafikie wafanyakazi wenzake wote wa redio hii, popote walipo."

Nilishikwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Sikuwa nimeyaandika hayo. Kila mtu pale alinigeukia. Shangazi mmoja aliniuliza wako wangapi, wapike kiasi gani. Nikamwambia sijui. Nilimlaani yule kijana moyoni, nikasema amenivua nguo mbele ya msiba wa mama yangu, maana sasa nilikuwa na deni la kuwasubiri.

Kesho yake jeneza lilitolewa, sala zikaanza. Mjomba aliniita pembeni.

"Hao wa kazini, tunawasubiri?"

"Tusiwasubiri, mjomba."

"Wametajwa," alisema. "Mtu aliyetajwa husubiriwa. Wewe ndiye unayetutajia kila siku, hujui?"

Tukasubiri. Wimbo wa kwaya uliisha, wakaanzisha mwingine, na wazee wakaanza kuangalia jua.

Wanaotaka kujua madai yetu yaliishia wapi, niseme hapa kabla sijasahau, maana huwa naulizwa. Mwajiri alikuja kukaa na chama mezani, si kwa kupenda. Tuna mishahara ya mwezi sasa, midogo. Michango ya hifadhi ya jamii bado tunavutana. Tawi lina watu. Lakini hayo yote yalianzia pale kijijini, na siku ile sikujua kwamba yameanza.

Vumbi lilionekana kwanza, kisha gari la kukodi, limejaa hadi watu wamekaliana. Walishuka wote. Dada wa mapokezi, wa habari, wa vipindi vya wakulima, mlinzi wa geti na kofia yake. Hata mpwa wa mwajiri alishuka, ameshika mfuko wa mchele wa rambirambi, na akanipa mkono wa pole bila kuniangalia, kama kawaida yake. Mjomba wake, yaani mwajiri wetu, alikuwa safarini, na hata angekuwepo, ni nani hapa Ufipa atakayewazuia watu kwenda msibani kisha atafute wa kumzika? Walipita kwa wazee wakiamkia shikamoo mmoja mmoja. Wanawake walikuja mkekani kwangu, wakakaa wamenibana kila upande. Hakuna aliyesema habari ya chai wala ya kiti.

Nilihesabu nyuso. Nikamuuliza dada wa mapokezi, "Na yule wa michezo?"

"Amebaki."

Kumbe hakuja.

"Kulikuwa na vifo vingine vya mchana," alisema kwa sauti ya chini. "Alisema sisi wote tuje, yeye abaki avisome. Alisema matangazo ya vifo hayagomi. Hakulisema kwa kukukejeli, dada. Na kompyuta ya muziki tumeizima. Huyu mpwa mwenyewe ndiye aliyeizima, hapa anatokwa jasho akifikiria mjomba wake."

"Kwa hiyo hewani kuna nini?"

"Kuna yeye. Na kile kiti chako amekikalia."

Mjomba wangu alikuwa ameshaichukua redio. Saa ya mchana ilikuwa imefika. Sauti ikasema familia ya fulani wa Mpui inasikitika. Ikamaliza. Halafu hakuna wimbo. Hakuna saruji. Kimya. Mjomba aliigonga redio kwa kiganja, akaizungusha, akakaza kamba ya katani juu ya betri.

"Betri zimekwisha," alisema.

"Hazijaisha, mjomba. Iache."

Watu wakasogea. Sijawahi kuona watu wakisikiliza kimya. Pale kijijini, na nadhani Laela, na Matai, na bondeni kwa wazazi wake mwenyewe, watu walikuwa wameshika redio zao wakizigonga, wakiulizana kuna nini leo pale redioni. Kisha sauti ikarudi, ikamsoma mama yangu, maziko leo saa nane mchana, habari ziwafikie. Aliponyamaza nilisikia kiti cha magurudumu kikisogea kidogo. Nilisikia anavyovuta pumzi kabla ya karatasi inayofuata. Nyuma yake hapakuwa na sufuria, hapakuwa na kicheko, mlango ule usiofunga haukuleta mtu yeyote. Nilisikia nyumba nzima haina mtu, na yeye yumo.

Nilikuwa sijalia tangu simu ya mjomba. Nilianza hapo, na wenzangu wakanishika. Wanaume wakainua jeneza. Mjomba alitaka kuzima redio kwa heshima, nikamwambia asiizime, aje nayo makaburini.